Maisha ya Kabaka Mutesa wa Kwanza



Mwaka huu katika darasa la historia tulifundishwa habari za wafalme wa Mughal waliotawala Bara Hindi. Tulianza na Babur aliyeshinda vita huko Panipat mwaka 1526, tukaishia kwa Bahadur Shah, mzee aliyeondolewa kitini na Waingereza mwaka 1857, akapelekwa Rangoon na kufa huko mwaka 1862. Katika wote hao, aliyenipendeza zaidi ni Akbar. Alipewa ufalme mwaka 1556 akiwa kijana wa miaka 13. Hakujua kusoma, lakini alipenda kusomewa, na zaidi ya hayo alipenda kuuliza. Mwaka 1575 alijenga nyumba ya mazungumzo huko Fatehpur Sikri. Humo wakakaa wanavyuoni wa Kiislamu, kisha wakaja Wahindu, na watu wa dini nyingine, na baadaye mapadre Wajesuiti waliotoka Goa. Walibishana mbele yake mpaka usiku wa manane, naye akiwasikiliza.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani Kyebando wakati wa likizo, nilikuwa bado nawaza habari za Akbar. Ndipo nikakumbuka kwamba mfalme wa namna hiyo hatuna haja ya kumtafuta ng'ambo ya bahari. Yeye amelala Kasubi. Mtu akiondoka kwetu Kyebando asubuhi, akashika njia ya Kalerwe, akapita Bwaise na Kawaala, atafika huko kwa miguu kabla jua halijawa kali. Mfalme huyo ni Kabaka Mutesa wa Kwanza. Alipata ufalme mwaka 1856, miaka 300 baada ya Akbar. Tena mwaka 1875, miaka 300 baada ya nyumba ile ya Fatehpur Sikri, Mutesa naye alikuwa ameketi barazani Lubaga akiwasikiliza Waislamu na Wakristo wakishindana kwa maneno. Hesabu hii niliifanya mwenyewe, nikampelekea mwalimu wetu, akacheka na kusema kuwa ni sawa.

Lakini ninayo sababu nyingine ya kuandika. Nyumbani kwetu jina la Mutesa halitajwi bila mabishano. Babu yangu mzaa baba ni Mkristo, na kwake yeye Mutesa ni mfalme mwema aliyewaita walimu wakaja na kitabu. Bibi yangu mzaa mama ni Mwislamu, na kwake yeye Mutesa ni mfalme aliyewachoma moto vijana wake kwa sababu ya sala. Kila tarehe 3 Juni, Wakristo wanapokwenda Namugongo kuwakumbuka mashahidi wao, bibi hutukumbusha kwamba watu wa dini yake walitangulia kufa mahali pale miaka kumi kabla ya hao. Babu hujibu kwa kunyamaza. Mimi nimekua kati ya wazee hawa wawili, nami nawapenda wote. Basi nikaona afadhali nisome habari za Mutesa tangu mwanzo hata mwisho, niziandike bila kumpendelea mmoja wao.

Naandika kwa Kiswahili, ingawa wako wengi kwetu wanaoiona lugha hii kuwa ni ya askari na ya sokoni tu. Mutesa hakuiona hivyo, kama mtakavyosikia.

Mutesa alizaliwa karibu na mwaka 1838. Baba yake alikuwa Kabaka Suuna wa Pili, na mama yake alikuwa Muganzirwazza. Katika Buganda hakuna mtoto aliyezaliwa akijua kwamba yeye ndiye atakayetawala. Wana wa mfalme walikuwa wengi, na Kabaka alipokufa, Katikiro pamoja na wakuu wengine walimchagua mmoja wao. Suuna alifariki mwaka 1856 akiwa njiani kurudi kutoka vitani. Katikiro wa wakati huo alikuwa Kayira, naye akamchagua kijana huyu ambaye jina lake lilikuwa Mukaabya. Yasemekana wakuu walimchagua kwa sababu alionekana mpole na mkimya, wakadhani watamwongoza wapendavyo.

Haukupita muda wakajua kuwa wamekosea. Maana ya jina Mukaabya ni mwenye kuwaliza watu, na katika miaka yake ya kwanza aliwaliza kweli. Wakuu waliodhani watamtawala waliuawa au walinyang'anywa vyeo vyao, na vijana aliowaamini yeye mwenyewe wakawekwa mahali pao. Baadaye akaitwa Mutesa, maana yake mwenye kufanya shauri na kuyapanga maneno. Naomba msomaji ayashike majina haya mawili, kwa kuwa mtu huyu aliyabeba yote mawili mpaka alipokufa.

Wakati huo wageni walikuwa wamekwisha kuanza kufika. Zamani za Suuna, mwaka 1844, Mwarabu mmoja aliyeitwa Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda na bidhaa zake. Wazee husimulia kwamba alimwona Suuna akiamuru watu wauawe, akasimama mbele yake na kumwambia kuwa watu hao wameumbwa na Mungu, naye hana haki ya kuwaua bure. Watu wote barazani waliogopa, lakini Suuna hakumdhuru. Akataka kujua zaidi, akafundishwa sura chache za Kurani. Wafanya biashara waliokuja kutoka pwani, kwa njia ya Tabora na Karagwe, walikuwa Waarabu na Waswahili. Walileta nguo, shanga, bunduki na baruti, wakaondoka na pembe za ndovu na watumwa. Jambo hili la watumwa haifai tulifiche. Vita vingi alivyopigana Mutesa na majirani zake vilileta mateka, na wengi katika mateka hao waliuzwa kwa bunduki. Jina lenyewe la nchi yetu lilitoka katika vinywa vya watu hao wa pwani, kwa maana Buganda kwa Kiswahili ni Uganda, na Wazungu walipokuja wakalichukua jina kama walivyolisikia kwa wapagazi na wakalimani wao.

Mzungu wa kwanza kufika kwa Mutesa alikuwa John Hanning Speke, mwezi wa Februari mwaka 1862. Alikuwa akitafuta mahali Mto Nile unapoanzia. Alimkuta Kabaka katika mji wake huko Banda, kijana mrefu, safi sana, mwenye kutembea kwa hatua za kuiga simba. Speke alikaa hapo miezi kadhaa kabla ya kupewa ruhusa ya kwenda mpaka penye maporomoko ya Jinja. Katika muda huo aliona mambo mengi ya ajabu: barabara pana zilizonyoka, nyumba kubwa za matete zilizojengwa kwa ustadi, wakuu waliovaa nguo za magome ya mti zilizoshonwa vizuri, na amri iliyotiiwa upesi. Lakini aliona pia wanawake wa jumba la mfalme wakiburutwa kwenda kuuawa karibu kila siku kwa makosa madogo. Tena alisimulia kwamba alipompa mfalme bunduki, mfalme aliishindilia, akampa kijana mmoja mtumishi, akamtuma atoke uani ampige mtu kusudi ionekane kama inafanya kazi. Kijana akaenda, mlio ukasikika, akarudi akifurahi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekufa. Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Kijana yule alikuwa mdogo kuliko mimi, naye hakuona ubaya wowote, kwa kuwa mfalme wake hakuuona.

Katika miaka iliyofuata Mutesa aligeukia kusoma. Alijifunza Kiswahili mpaka akakisema vizuri, akajifunza Kiarabu na kukiandika. Tangu mwaka 1867 alianza kufunga mwezi wa Ramadhani, akaendelea hivyo kwa miaka kama kumi. Aliamuru msikiti ujengwe jumbani, watu wasalimiane kwa desturi za Kiislamu, na miaka ihesabiwe kwa kalenda ya Kiislamu. Aliwapeleka wajumbe wake mpaka Unguja. Vijana watumishi wa jumbani, ambao walikuwa wana wa wakuu kutoka kila upande wa nchi, walifuata alivyofanya bwana wao. Waliamka alfajiri, wakatawadha, wakasali, na jioni wakakaa na mbao zao wakijifunza herufi. Kwetu Buganda mpaka leo neno la kusoma lina maana mbili: kusoma kitabu, na kusali. Waumini wa kwanza waliitwa wasomaji tu. Mtu aliyeshika dini na mtu aliyeshika kitabu walikuwa mtu mmoja.

Lakini Mutesa mwenyewe hakutahiriwa, kwa sababu desturi ya Buganda ilikataza damu ya Kabaka kumwagika. Basi alikuwa Mwislamu kwa sala na kwa mfungo, lakini alibaki nje kidogo ya mlango. Neno hilo dogo ndilo lililoleta msiba.

Mnamo miaka ile hatari ilikuwa ikikaribia kutoka kaskazini. Misri, chini ya Khedive Ismail, ilitaka kuitawala nchi yote ya Nile mpaka kwenye maziwa. Baker alikwisha kutangaza kwamba Bunyoro ni mali ya Misri mwaka 1872, na Gordon alikuwa mtawala wa jimbo la kusini tangu 1874. Mutesa aliona kwamba hao Wamisri ni Waislamu kama walimu wake, lakini wanatamani nchi yake. Akaanza kufikiri namna ya kupata rafiki mwingine.

Katika mwezi wa Aprili mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika kwa njia ya ziwani. Alimkuta Mutesa si kijana yule wa zamani za Speke, bali mtu mzima, mwenye kofia nyekundu na joho jeusi, macho makubwa, na maneno ya kupimwa. Walizungumza habari za dini siku nyingi, na mazungumzo yao yalikwenda kwa Kiswahili. Mutesa aliuliza habari za malaika, za Musa, za Isa, na kwa nini Wazungu wanaweza kutengeneza vitu ambavyo Waarabu hununua tu. Wakati huo huo alifika Mzungu mwingine, Linant de Bellefonds, aliyetumwa na Gordon. Mutesa akamwuliza maswali yale yale aliyomwuliza Stanley, apate kuona kama majibu yatalingana. Mwaka ule ule, wakati wa vita vya Mutesa na watu wa Buvuma, ambapo mamia ya mitumbwi ya vita ilikusanywa ziwani, masomo hayo yaliendelea kambini. Sehemu za Biblia zilifasiriwa kwa Kiswahili, zikaandikwa juu ya mbao nyembamba nyeupe, na Injili ya Luka ikafasiriwa yote.

Hapa nataka kuwajulisha kijana mmoja anayestahili kujulikana na kila mwanafunzi wa shule ya misheni. Jina lake lilikuwa Dallington Maftaa. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa katika shule ya misheni ya Waingereza huko Unguja, kisha akafuatana na Stanley katika safari yake. Stanley alipoondoka, Mutesa aliomba aachiwe mtu wa kumsomea, na Dallington akabaki. Akawa mwandishi wa Kabaka na msomaji wake, akapewa na cheo. Barua za Mutesa kwa Wazungu zilipita mkononi mwake. Kwa hiyo kwa muda wa karibu miaka miwili, kabla mmisionari yeyote hajafika, mwalimu wa Kikristo katika Buganda alikuwa kijana Mwafrika aliyetoka katika shule kama hii yetu, na kitabu chake kilikuwa cha Kiswahili.

Stanley aliandika barua kuwaomba Waingereza wapeleke walimu, akampa Linant aichukue. Linant aliuawa njiani na Wabari mwezi wa Agosti, lakini barua ilifika, ikachapishwa London katika gazeti la Daily Telegraph mwezi wa Novemba 1875. Baada ya siku chache mtu mmoja asiyetaka jina lake lijulikane alitoa pauni 5,000 kwa ajili ya kazi hiyo.

Kabla walimu hao hawajafika, ukatokea mwaka 1876. Mapema mwaka huo askari wa Misri wapatao 140 walifika katika mji wa Mutesa. Kabaka hakuwapiga, aliwazungushia watu wake na kuwanyima njia, mpaka Gordon akawa hana budi kutuma mjumbe aombe waachiliwe. Hivyo Mutesa aliwashinda Wamisri bila kupigana, na hapo jina lake la mwenye shauri lilimfaa kweli. Lakini Waislamu waliokuja pamoja nao waliwaambia vijana wa jumbani kwamba si halali kusali nyuma ya mtu asiyetahiriwa, wala kula nyama iliyochinjwa na mtu wa namna hiyo, na kwamba msikiti wa mfalme haukuelekezwa vizuri. Vijana waliyasadiki maneno hayo, kwa kuwa ndiyo waliyosoma. Wakakataa nyama ya mfalme. Wakakataa kusali nyuma yake.

Mutesa akakasirika. Kwake yeye jambo hili halikuwa la dini tu. Aliona kwamba watumishi wake wanaitii sauti nyingine kuliko yake. Wakakamatwa, na zaidi ya 70, kama wazee wa Kiislamu wanavyohesabu, wakachomwa moto huko Namugongo. Hao ndio anaowasema bibi yangu. Niliposoma habari hii nilijua kuwa hasemi kwa chuki. Vijana wale hawakuwa wameanzisha dini mpya kwa ukaidi. Walifundishwa na mfalme mwenyewe, na kosa lao ni kwamba waliyashika mafundisho kuliko mwalimu wao.

Tarehe 30 Juni 1877 wamisionari wa kwanza wa Kianglikana, Shergold Smith na Wilson, walifika. Alexander Mackay, fundi hodari, alifika Novemba 1878. Februari 1879 akafika Padre Lourdel wa Mapadre Weupe pamoja na Bruda Amans. Ikawa sasa barazani wako Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki, na nyuma yao wote wako waganga wa mizimu ya zamani, ambao hawakuwa wamekwenda popote. Siku moja Mackay aliposoma sala mbele ya mfalme, Lourdel alikataa kupiga magoti, na hao Wazungu wawili wakagombana mbele ya watu wote kila mmoja akisema dini ya mwenzake ni ya uongo. Mutesa akashangaa, akauliza kama kila taifa la Wazungu lina dini yake. Ni swali jema, na sidhani kwamba alipata jibu jema.

Mwaka 1879 alituma Waganda watatu waende Uingereza. Walipita njia ya Nile pamoja na Wilson na Felkin, wakapokelewa na Malkia Victoria mwaka 1880, wakarudi salama kusimulia waliyoyaona. Wamisionari walitumaini kwamba Mutesa atabatizwa. Yeye alitumaini kwamba watamletea bunduki na mafundi wa kuzitengeneza. Wao walimtaka aache wake zake wote ila mmoja. Yeye aliona kuwa wake hao ndio undugu wake na koo za nchi, na akiwaacha ameivunja nchi. Hivyo kila upande ulingoja, na hakuna aliyepata alichokingoja.

Tena Mutesa alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake ulidumu miaka mingi, na dawa za Wazungu na za Waarabu hazikumponya. Mwezi wa Desemba 1879, kwa kushauriwa na mama yake na wakuu wa zamani, alipokea jumbani mganga wa Mukasa, mzimu wa ziwa, na baraza likakataza dini zote mbili za kigeni. Lakini katazo hilo halikudumu. Baada ya muda wasomaji walikuwa wakienda tena kwa walimu wao. Wakatoliki wa kwanza walibatizwa mwaka 1880 na Waprotestanti wa kwanza mwaka 1882. Mutesa alijua, akafumba macho. Namasole Muganzirwazza alipofariki mwaka 1882, Mutesa alimwomba Mackay atengeneze jeneza kubwa la mama yake, na Mackay akafanya kazi hiyo kwa siku nyingi.

Mwaka huo huo Kabaka alijenga jumba jipya juu ya kilima cha Kasubi, nyumba kubwa ya mviringo ya miti, matete na nyasi. Humo ndimo alimofia, mwezi wa Oktoba mwaka 1884, akiwa na umri upatao miaka 46. Zamani Kabaka alipokufa, taya yake iliondolewa na kuwekwa mahali pa peke yake. Mutesa alizikwa mzima, tena ndani ya jumba lake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limefanywa kabla yake. Hakufa Mwislamu, kwa kuwa hakutahiriwa. Hakufa Mkristo, kwa kuwa hakubatizwa. Hata desturi za baba zake hakuzifuata kamili kaburini.

Aliyemfuata ni mwanawe Mwanga, kijana aliyekuwa mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Yaliyotokea mnayajua: vijana Wakristo waliuawa miaka ya 1885 hadi 1887, wengi wao wakachomwa Namugongo, kisha vita vya dini vikaanza mwaka 1888, na mwaka 1894 nchi ikawa chini ya Waingereza. Mwanga alikamatwa, akapelekwa Ushelisheli, akafa huko mwaka 1903, kama vile Bahadur Shah wa Mughal alivyofia Rangoon. Wageni aliowaweza baba, mwana hakuwaweza.

Sasa nimefika mahali pa kutoa hukumu, nami ni mtoto tu. Naona Mutesa alifanya jambo kubwa. Kwa miaka 28 Misri, Unguja na Wazungu walibisha mlangoni kwake, akawafungulia wote, akawasikiliza wote, na hakuna aliyekuwa bwana wa nyumba isipokuwa yeye. Si wafalme wengi wa wakati ule walioweza hivyo. Hapo babu yangu ana haki ya kumsifu. Lakini kuuliza maswali ni jambo jepesi kwa mtu ambaye hawezi kuadhibiwa kwa jibu lake. Mutesa aliibadili sala yake mara tatu na hakuna aliyemgusa. Vijana wake waliishika sala moja, wakafa. Wahenga wamesema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapo bibi yangu ana haki ya kulia.

Nilipomaliza kusoma niliwaomba wazee wangu twende Kasubi pamoja, nao wakakubali. Jumba lile la Mutesa, ambalo ndani yake wamezikwa pia Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili, liliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, nilipokuwa mtoto mdogo; likajengwa upya kwa miti, matete na nyasi kama lilivyokuwa, na kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Tulisimama uani tukalitazama paa lake linaloshuka karibu na ardhi. Babu alivua kofia. Bibi alinyanyua mikono akaomba dua kimya kimya. Njiani kurudi nilimwuliza amemwombea nani, akanijibu kwamba amewaombea vijana, kisha akamwombea na mfalme, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haja zaidi. Babu aliposikia hayo hakunyamaza kama desturi yake. Alisema kwamba mwaka ujao, atakapokwenda Namugongo, atapita kwanza msikitini kuwasalimu wale waliotangulia.

Ndugu wasomaji, sisi tunaitwa wasomaji kama walivyoitwa wale. Wao walisoma mbele ya mfalme kwa hatari ya roho zao. Sisi twasoma bila hofu, tena twanung'unika kengele inapolia mapema. Tukumbuke thamani iliyolipwa. Na ikiwa siku moja mmoja wetu atapewa cheo, basi aulize maswali kama Mutesa, lakini asimwadhibu mtoto aliyeyasadiki majibu.